Shangazi, lengo la vitabu 50 limenimalizia hamu ya kusoma

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni msichana wa miaka 27, naishi Tanga mjini na nimeajiriwa katika duka la dawa. Naandika kwa jambo ambalo wengine wataliona dogo, lakini mimi linaninyima raha.

Tangu utotoni napenda hadithi za ajabu: majini, mazimwi, wafalme wa nchi zisizo kwenye ramani. Bibi alinilea nazo. Nilipofika sekondari nikaikuta Adili na Nduguze ya Shaaban Robert kwenye kabati la shule, na Kiingereza kilipokaa sawa nikahamia kwenye riwaya nene za fantasia, zile zenye ramani kurasa za mwanzo. Huko ndiko ninakopumzikia nikitoka kazini.

Januari, kwenye kundi letu la WhatsApp la wasomaji, kila mtu alitaja idadi ya vitabu atakavyomaliza hadi Desemba. Mimi nilisema 50, nikaiingiza na kwenye programu ya simu inayohesabu. Februari nikaanza The Way of Kings ya Brandon Sanderson. Shangazi, kile kitabu nilikipenda. Nalala nawaza wale watumwa wanaobeba madaraja mabegani huku mishale inawajia usoni. Lakini kina kurasa zaidi ya 1,000, na kila nikifungua simu naambiwa niko nyuma: kitabu kimoja, viwili, halafu vinne. Nikakiweka pembeni katikati ya sehemu ya pili, nikaanza kutafuta vyembamba.

Tangu hapo nimesoma vitabu vitatu vya Binti vya Nnedi Okorafor, A Wizard of Earthsea ya Ursula K. Le Guin, Piranesi ya Susanna Clarke, na vingine vingi vya ukubwa huo. Hesabu imefika 34 na kundini wananipigia makofi. Ila wiki iliyopita mtoto wa dada yangu, yuko darasa la tano, aliniomba nimsimulie kimojawapo. Nikachagua kile cha Earthsea: kijana mchunga mbuzi, kisiwa, shule ya wachawi, kivuli kinachomwinda. Alinisikiliza kimya, kisha akauliza, "Sasa hicho kivuli kilikuwa nani?" Sikukumbuka. Nimekimaliza Julai na sikumbuki kinaishaje.

Kuna na mengine. Kundini wanasema kitabu cha kusikiliza hakihesabiki, wala kitabu ulichokwisha kukisoma zamani. Na mchumba wangu ananiambia fantasia ni mambo ya watoto, kama nina bidii hiyo ya vitabu 50 basi nisome vya biashara na maendeleo. Hasemi kwa ubaya, lakini anasema mara kwa mara.

Nifanyeje, Shangazi? Nipunguze lengo? Nimjibu nini huyu mwenzangu? Na kile kitabu kinene, nikianze upya au niendelee nilipoishia?

Msomaji wako, Tanga

* * *

Marahaba, mwanangu.

Hili si jambo dogo. Mtu mwenye mahali pa kupumzisha akili jioni akipanyang'anywa, ana haki ya kulalamika. Ila kichwa cha habari yako sikikubali. Aliyeishiwa hamu ya kusoma haumii kwa kusahau mwisho wa kitabu. Wewe umeumia mpaka umeniandikia.

Kuhusu lengo, usilipunguze. Liondoe. Ukishuka kutoka 50 kuja 40 utakuwa umebaki kwenye mbio zile zile, umesogezewa tu utepe. Ingia kwenye hiyo programu, badilisha namba uweke 1. Ukimaliza kitabu kimoja imekwisha, haina tena la kukuambia mpaka mwaka ugeuke. Fanya leo, usingoje Januari ndipo uanze upya.

Nakuambia hivi kwa sababu kipimo cha idadi kinamwonea mpenzi wa fantasia kuliko msomaji mwingine yeyote. Kwenye hesabu ya simu, Binti ya kwanza, ambayo haifiki kurasa 100, ni kitabu kimoja. The Way of Kings nayo ni kitabu kimoja. Wakati wewe unamaliza hicho kinene, mwenzako kundini ameshamaliza kumi na anaonekana yeye ndiye msomaji. Na unene ule haukuwekwa kwa mbwembwe. Mwandishi wa riwaya ya Dar es Salaam akiandika neno daladala, kazi imekwisha. Msomaji anaujua msongamano, anamjua konda, anaijua nauli. Mwandishi wa fantasia hana msaada huo. Lazima akupe hali ya hewa, dini, fedha, chakula, matusi, na sheria za uchawi, vyote kutoka sifuri. Ulipokuwa ndani ya kile kitabu cha Sanderson uliziona zile tufani kubwa zinazopiga kutoka mashariki. Kwa sababu ya tufani hizo majani yanajificha ardhini ukiyakaribia, wanyama wengi wana magamba kama kaa, na nyumba zinajengwa kwa kukinga upande mmoja. Mambo hayo hayaelezeki kwa kurasa 90. Yanataka ukae nayo mpaka uyazoee, siku moja usome habari ya nyasi zinazotoka tena ardhini baada ya tufani na usishangae. Hapo ndipo unakuwa umeingia.

Angalia hata hesabu yenyewe inavyoyumba. The Lord of the Rings ya Tolkien ilitoka kwa juzuu tatu, mwaka 1954 na 1955, kwa kuwa karatasi ilikuwa ghali baada ya vita. Mwenyewe aliiona kuwa riwaya moja. Uihesabu moja au tatu? Mfululizo wa The Wheel of Time ulianza 1990 na ukakamilika 2013, vitabu 14 bila kuhesabu kile cha utangulizi. Mwandishi wake, Robert Jordan, alifariki 2007 hajaumaliza, na huyo huyo Sanderson wako ndiye aliyeandika vitatu vya mwisho kutokana na maandishi aliyoyaacha. Kuna watu walioufuata tangu mwanzo, wakakua nao, wakaoa, wakazaa, wakafika mwisho. Ukimuuliza mmoja wao kuhusu miaka ile hatakutajia idadi. Atakutajia wahusika wake, Rand na Egwene, kama jamaa zake.

Sasa usije ukaelewa kwamba vyembamba havifai. Hapana, na hapa nataka tukae kidogo. Vitabu ulivyovitaja ni vizuri mno. Vyembamba vya namna hiyo ndivyo vinavyotaka kusomwa polepole kuliko vinene, maana mwandishi amepunguza maneno na kukuachia wewe kazi. Lile swali la mtoto, kivuli kilikuwa nani, ndilo swali la A Wizard of Earthsea yote. Le Guin aliuandika ulimwengu ambao kila kitu kina jina lake la kweli, na mwenye kulijua jina hilo ana uwezo juu ya kitu. Kijana Ged anafungua mlango wa giza kwa kiburi cha kushindana na mwenzake shuleni, kivuli kinatoka, na wachawi wakubwa wanamwambia hakina jina. Jawabu liko mwishoni kabisa, na sikutajii. Rudia sura mbili za mwisho jioni moja, kisha umsimulie mtoto. Amekungoja.

Na Piranesi, mwanangu, natamani uisome tena yote. Clarke alitoa riwaya yake ya kwanza mwaka 2004, kitabu kinene sana, halafu kwa sababu ya ugonjwa wa muda mrefu wasomaji wake walingoja riwaya ya pili mpaka 2020. Ilipokuja haikufika kurasa 300, na mwaka uliofuata ikapata Tuzo ya Wanawake ya Riwaya ya Uingereza. Ndani yake kuna mtu anayeishi katika Nyumba ya kumbi zisizo na mwisho, sanamu zimejaa kutani, bahari inaingia na kutoka kumbi za chini. Anayajua maji kupwa na maji kujaa kama mvuvi wa huko kwenu Deep Sea. Anaandika kila siku kwenye madaftari yake, lakini mwaka haupi namba. Kuna mwaka anauita Mwaka ambao Albatrosi Alikuja kwenye Kumbi za Kusini-Magharibi, kwa kuwa ndege huyo mkubwa wa baharini alitua pale, yeye akampa magugu makavu aliyojiwekea akiba, ndege akajengea kiota. Alikubali baridi yake mwenyewe ili ndege na mwenzake wapate pa kuangulia kinda. Mwaka mzima ukachukua jina la tukio hilo.

Hilo ndilo lengo ninalokupa. Mwaka wako wa kusoma ufike mwisho ukiwa na jina. Uwe mwaka uliobeba madaraja, au mwaka ulioishi ndani ya Nyumba, au vyovyote itakavyokuwa. Ili ufike huko huhitaji mambo mengi. Tafuta daftari la kawaida la shule. Kila ukimaliza kitabu, kiwe cha kurasa 90 au 1,000, kipe ukurasa mmoja wa mkono wako. Usiandike muhtasari. Andika nchi ile inaitwaje na inaendeshwa kwa sheria gani. Andika uchawi wake unagharimu nini na nani anailipa gharama hiyo. Swali hilo la gharama ninalipenda kuliko yote, kwa sababu fantasia mbaya hutoa uchawi bure. Ged analipa kwa kovu usoni na miaka ya kukimbia. Binti anaiacha familia yake ya Kihimba usiku kwa siri ili akasome chuo cha sayari nyingine, na udongo mwekundu anaojipaka kwa desturi ya kwao ndio unaokuja kuwa muhimu kwa viumbe waliotaka kumuua. Na Adili wako wa kabati la shule analipa kila usiku, akiwachapa manyani wawili anaowapenda, kwa sababu ni ndugu zake wa damu na jini amemwamrisha hivyo. Ukishaandika mistari michache ya namna hiyo kwa mkono, huwezi kusahau kitabu kinaishaje.

Kitabu kinachofuata usikianze mpaka ukurasa huo umeandikwa. Sharti ni hilo tu.

Nimekuja kwa Adili makusudi, maana katika orodha yako ya mwaka huu sikuona kitabu hata kimoja cha Kiswahili, na wewe unaandika kutoka Tanga! Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, akafa 1962 na kuzikwa huko huko. Kusadikika yake ya 1951 ni nchi inayoelea angani, hakuna ardhi chini yake. Karama anashtakiwa kwa kutaka kuwafundisha watu sheria, na mbele ya baraza anajitetea kwa habari za wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, wakarudi na mema ya huko, wakaishia kifungoni. Kufikirika aliiandika miaka ya 1940 ila ilichapishwa 1967, mwenyewe hayupo. Ukitaka kitu kigumu zaidi, Kezilahabi aliandika Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka 1991, vitabu vyembamba ambavyo msomaji wa haraka hatoki na chochote. Halafu kuna Bina-Adamu! ya Wamitila ya mwaka 2002, safari ya kijana kupitia dunia iliyovurugika. Hivi ndivyo ningekushauri uvitafute maktaba ya mkoa hapo mjini kwenu kabla ya kuagiza cha ng'ambo, na vingi utavipata kwa bei ya chipsi kuku.

Kuhusu kusikiliza, kundi lako limekosea. Nani alikusomea hadithi za bibi? Ulizisikia, na mpaka leo unazo. Utenzi wa Rasi 'lGhuli, ambao ni vita, majini na mashujaa mtindo mmoja, una beti zaidi ya 4,000, na watu wa pwani waliupokea kwa masikio kabla haujawa kitabu cha dukani. Sikiliza kwa amani. Nakutahadharisha kimoja tu: riwaya nene yenye majina mengi mapya usiianze kwa sikio. Soma kwanza sura tano au sita kwa macho, uone majina yanavyoandikwa, utazame ramani, ndipo uhamie kwenye sauti wakati unapika au unapanga nguo. Dukani usisikilize. Wewe unashika dawa za watu.

Na kitabu cha kurudia kinahesabika pia. Ukikisoma mara ya pili unajua nani atakufa, kwa hiyo unaanza kuona mwandishi alivyokuwa akikuandaa tangu sura ya kwanza. Wapenzi wengi wa fantasia ninaowajua wana kimoja wanachokirudia kila mwaka, wengine wakati wa mfungo, wengine likizo ya Desemba, na hawakiachi kwa kitabu kipya chochote.

Kundini usitoke kwa hasira. Waambie wazi kwamba umeacha kuhesabu, kisha uwape pendekezo: mchague kinene kimoja, msome sura chache kwa wiki, Ijumaa usiku kila mmoja atume sauti ya dakika mbili kuhusu kilichomgusa. Wawili au watatu watakufuata. Hao ndio wenzako wa kusoma, waliobaki ni wenzako wa kundi, nao wana nafasi yao.

Sasa mchumba. Usibishane naye kuhusu ubora wa fantasia, hutashinda, kwa sababu hajaisoma. Siku mkiwa mmetulia msomee kwa sauti mashtaka ya Karama katika Kusadikika, yale maneno ya mshtaki wake Majivuno mbele ya mfalme na majibu ya Karama. Usimwambie ni fantasia. Mwache asikilize kesi ya mtu anayeadhibiwa kwa kutaka watu wajue sheria, kitabu kilichotoka nchi hii ikiwa chini ya Mwingereza, kisha umuulize kama hayo ni mambo ya watoto. Shaaban Robert aliipeleka nchi angani ili aweze kusema ya ardhini, na watu wazima walimwelewa vizuri. Mwenzako naye ana haki ya vitabu vyake vya biashara, na ukimwomba akueleze kimoja utamfurahisha.

Lakini umesema anasema mara kwa mara. Hapo nakuomba ufungue macho. Mtu anaweza asipende unachokipenda na bado akakuachia taa usiku umalize sura. Mwambie siku moja, kwa upole na bila kucheka ili asidhani ni utani: "Jambo hili linanipumzisha, ukilidharau unaniumiza." Akisikia na kuacha, mshukuru, yamekwisha. Akisikia na kuendelea, basi mazungumzo hayo si ya vitabu tena, na yafanyike kabla ya mahari, mbele ya mtu mzima mnayemheshimu wote wawili.

Umeuliza mwisho kuhusu kile kinene. Usikianze upya. Ukirudi ukurasa wa kwanza utachoka ukifika pale pale ulipoachia, kwa sababu utakuwa unapita njia unayoijua huku ukiharakia usiyoijua. Fanya hivi: soma tena utangulizi wa mauaji ya mfalme, ni mfupi na unatikisa, kisha sura za Kaladin tu, moja baada ya nyingine, mpaka katikati ya sehemu ya pili uliposimama. Yeye ndiye aliyekushika, wale wabeba madaraja ni watu wake. Ya wahusika wengine, Shallan na Dalinar, yatakurudia yenyewe ukishaanza kusonga mbele. Kitabu kimegawanywa sehemu tano, na kati ya sehemu na sehemu kuna visura vya watu wa nchi za mbali. Vichukue kama pa kupumulia: ukimaliza sehemu, soma visura hivyo, funga kitabu siku mbili tatu, jaza daftari, ndipo uendelee. Kwa nusu saa kila usiku, simu ikiwa chumba kingine, Desemba itakukuta sehemu ya nne au ya tano, na sehemu hizo mbili usizisome siku ya kazi. Chukua Jumamosi.

Mfululizo huo umepangwa kuwa wa vitabu kumi, cha tano kilitoka Desemba 2024, na vyote ni vinene. Cha pili usikinunue bado.

Shangazi yako